Nane kwa Nane: Mafunzo Niliyopata Nikitunga Meme za Amu

Kazi yangu ya usiku, baada ya Isha, ni kutunga vichekesho vya kubandika juu ya picha. Ni meme za Amu (Lamu), kwa watu wa Amu. Huzituma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaani Langoni, na kutoka huko husafiri zenyewe: Mkomani, Shela, Mokowe, Faza, Kizingitini, kisha Mombasa, kisha kwa jamaa zetu walioko Muscat na Dubai. Nimejifunza kwa kuifanya na kwa kuwatazama watu wanavyocheka, na haya nawaandikia vijana wanaoniuliza inafanywaje. Naamini kichekesho cha maneno sita kinastahili bidii ile ile wazee wetu waliyoipa ubeti wa shairi. Anayekiona kuwa upuuzi wa simu hatakiweza.

1. Anza na picha

Wengi huanza na sentensi waliyoipenda, halafu wakatafuta picha ya kuibeba. Mimi naanza na picha. Natembea na simu, natazama, nanasa kitu ambacho kina ubishi ndani yake kabla hakijaandikwa neno. Amu haina uhaba wa picha hizo. Mji wetu wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo akiingia, binadamu hana budi kujibana ukutani. Picha niipendayo zaidi ni hiyo: punda na shehena ya mawe ya matumbawe, na kando yake mzee wa kanzu na kofia, watoto wa madrasa na mtalii mwenye kamera kubwa, wote wamejipanga kwa adabu kama watu waliokuja kumpokea waziri.

Hapo kichekesho kipo. Maneno kazi yake ni kumwonyesha msomaji mahali pa kukitazama. Picha isiyo na ubishi huyatwisha maneno mzigo wote, na mtu anayesoma huku kidole kinasukuma skrini hana subira hiyo.

2. Futa kila kinachoonekana

Maneno ya picha ile yalianza hivi: «Hapa Amu punda ana haki kuliko binadamu, kwa sababu hana leseni wala namba ya usajili, lakini akipita kichochoroni sisi sote tunampisha.» Kila neno ni la kweli, na hapana atakayecheka.

Nikaanza kufuta. «Hapa Amu» halihitajiki, kuta zinasema. Punda anaonekana, kichochoro kinaonekana. «Kwa sababu» na «lakini» ni maneno ya darasani: yanamweleza msomaji uhusiano ambao raha yake ni kuugundua mwenyewe. Na ile «ana haki kuliko binadamu» ndiyo maana yote ya kichekesho, na maana ya kichekesho haiandikwi. Ukiiandika umemnyang'anya msomaji sehemu yake. Yakabaki haya: «Hana leseni, hana namba, na sote tunampisha.»

Nina kipimo ninachokitumia kila mara. Naficha maneno kwa kidole, natazama picha peke yake. Kisha naficha picha, nasoma maneno peke yake. Kila upande unatakiwa uwe na upungufu ambao mwenzake anautimiza. Maneno yakichekesha bila picha, huo ni mzaha wa kusimulia barazani; nenda ukausimulie. Picha ikichekesha bila maneno, itume ilivyo na usiiguse.

3. Mfiche mtenda

Kiswahili kina neema ambayo mtunzi wa vichekesho akiijua hatahangaika tena. Kitenzi chetu humbeba mtenda ndani yake, kwa hiyo unaweza kumsema mtu mara tatu bila kumtaja. «Amelala barazani tangu asubuhi, samaki wetu amemla, na akiamka anatutazama vibaya.» Msomaji tayari anamfikiria shemeji fulani. Jicho likishuka chini ya picha, linamkuta paka.

Ngeli ya A-WA inamkusanya mtu, paka na punda pamoja, na ndiyo maana utani wa wanyama unatuingia vizuri hivi. Jaribu hilo hilo kwa mashua na siri itavuja kwenye kiambishi cha kwanza. Kwa hiyo kabla ya kutunga huwa najiuliza: ngeli ya kitu hiki inanificha au inanifichua? Na maneno nayaweka juu, mnyama nambakisha chini, maana jicho letu linateremka.

4. Hesabu mizani

Tazama tena ile «Hana leseni, hana namba, na sote tunampisha.» Ina kilema. Kipande cha kwanza kina mizani 9, cha pili kina 8. Msomaji hahesabu, ila ulimi wake unajikwaa, na mtu akijikwaa hacheki. Nikaibadilisha, kwa «ndia» ya Kiamu, yaani njia: «Hana leseni ya ndia, na sote tunampisha.» Nane kwa nane, ukwapi na utao, na vipande vyote viwili vinatua kwenye irabu moja. Tangu hapo maneno yale yalitoka kwenye simu. Punda akipita na mzigo, kuna mtu atakayeyasema kwa sauti.

Wala hili halikunishangaza, maana mji huu umezoea maneno mafupi yenye ncha, yanayosafiri. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati uhasama wa Amu na Mombasa ulipokuwa unaelekea kwenye Vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812, upande wetu alikuwepo Bwana Zahidi Mngumi na upande wa Mombasa alikuwepo Muyaka bin Haji. Mashairi yalijibizana kwa mafumbo kupitia bahari. Aliyelipokea fumbo alilifumbua, na likimgusa alitakiwa kujibu kwa fumbo. Katikati ya miaka ya 1970, kampeni za ubunge huku kwetu zilizaa mashairi ya Kimwondo, kejeli na majibu ya kejeli, ambayo watu waliyasikiliza kwenye kaseti. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1974, Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Ustadh Mau, mshairi na imamu aliyepata riziki yake kwa tanuri la mikate, alitunga Wasiya wa Mabanati, nao ukaenea kwa kaseti vile vile. Jahazi, kaseti, simu. Chombo kimebadilika mara mbili na sikio la watu wa Amu halijabadilika: linataka maneno yatoshane.

Mwalimu wangu mwingine wa ufupi ni kanga. Ina pindo, ina mji, na chini ina jina, mstari mmoja wa herufi kubwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, limekuwa likiuza kanga tangu mwaka 1887, na mama zetu wamekuwa wakizungumza na majirani, mawifi na waume kwa mistari hiyo bila kufungua kinywa. Jina la kanga likizidi upana wa kitambaa halichapwi. Mimi nimejiwekea mpaka huo huo: mistari miwili, mizani kumi na sita. Inayozidi naivunja vipande au naiacha.

5. Wape watu simu, kisha nyamaza

Usimwulize mtu «inachekesha?» Adabu itamjibu badala yake. Mpe simu, kaa kimya, tazama macho. Akicheka kisha macho yakarudi juu kwenye picha, imefanikiwa. Akiuliza «huyu ni nani?», picha ina kitu cha ziada, ikate pembe. Akitikisa kichwa na kusema «ni kweli kabisa», umeandika ukweli na bado hujaupindua.

Baraza zetu zinafaa sana kwa kazi hii, hasa baina ya Alasiri na Magharibi, kwa sababu zinakusanya rika zote. Ila usijaribie kwa wa barazani peke yao, maana mnajua mambo yale yale. Jaribu pia kwa aliyehama. Nilikuwa na picha ya mashua ya Mokowe gatini, abiria wawili tu ndani, jua limewaka, na maneno haya: «Nahodha: Tunaondoka sasa hivi.» Hapa mjini ilicheka kila nyumba. Nikampelekea shangazi yangu anayekaa Malindi, nikitaka kujua kama imevuka maji. Akanijibu kwa sauti: «Mwanangu, nahodha huyo ana nduguye huku stendi, naye anaondoka sasa hivi tangu saa mbili.» Jibu lake likawa picha ya pili: juu mashua ile, chini matatu tupu, na maneno yale yale mara mbili. Ndiyo iliyofika mbali kuliko zote nilizotunga.

6. Chagua lahaja kwa makusudi

Kiamu kina «ndia», «nti» (nchi), «mato» (macho), «ndoo» (njoo). Mtu wa Amu akiliona neno la nyumbani kwenye skrini anacheka nusu kabla hajamaliza kusoma, kwa furaha ya kujiona. Kwa hiyo «ndia» ya punda imebaki, na mtu wa Nairobi anaielewa kutokana na picha. Ila neno ambalo picha haiwezi kulifasiri naliandika kwa Kiswahili cha wote. Sheng siitumii, maana haitoki kinywani mwetu, na kichekesho kinachojifanya kijana wa Eastlands hunusika mara moja.

7. Kuta nyeupe, jua kali, bando dogo

Hili ni la mikono. Kuta za chokaa na mchana wa pwani humeza herufi nyeupe. Zizungushie ukingo mweusi mnene. Herufi nyembamba za madoido usizitumie, kwa sababu picha ikitumwa na kutumwa tena hupoteza ubora, na kinachofika Muscat ni ukungu. Video iache mpaka ulazimike: wengi wa watazamaji wetu wananunua bando la siku.

8. Stara

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi hii inapoweza kuumiza.

Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu, mwanamume mmoja alipigwa picha Kayole, Nairobi, akiwa kwenye foleni ya kura huku anakula githeri kwenye mfuko wa plastiki. Kufikia jioni Kenya nzima ilikuwa imemkata na kumbandika kila mahali, na akapewa jina la Githeri Man. Kampuni zikampa zawadi, na mwaka huo huo akatunukiwa nishani ya Rais. Wengi hutaja kisa hiki kama ushahidi kwamba meme ni baraka kwa mtu. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Yule bwana alikuwa na njaa, akala. Uso wake ukawa mali ya nchi kabla hajamaliza chakula, na hakuna aliyemwuliza. Nairobi ina mamilioni ya watu, na angalau anaweza kupanda basi la mtaa wa pili asijulikane. Amu hakuna mtaa wa pili. Ukimbandika mtu hapa, kesho utamkuta msikitini safu moja nawe, na mwanawe anasoma darasa moja na mwanao.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti ambayo sijayavunja. Uso wa mtu wa kawaida hauonekani bila ruhusa yake. Punda, paka, mashua, mlango wa kuchonga, foleni ya mkate: hivyo havina mama wa kulia. Mwanamke wa mtaani simpigi picha hata kwa mgongo, maana hapa buibui na mwendo vinatosha mtu kutambulika. Maskini, mgonjwa na aliyefiwa hawaingii kwenye kichekesho. Bahari ikichukua mtu, hakuna utani wa mashua mpaka matanga yaishe na zaidi. Msimu wa kusi, wakati mawimbi yanapokuwa makali, nautuliza kabisa utani wa manahodha.

Na wakubwa je? Wenye cheo wamechagua kuonekana, nao wana uwezo wa kujibu. Ukiwacheka kwa kile walichokifanya ofisini, umefanya kazi ya heshima, na nadhani ni wajibu wa mtunzi. Maumbile yao, wake zao na watoto wao viacheni. Najua pia gharama yake: mwezi Desemba 2024 kijana aliyejulikana kama Kibet Bull, mchoraji wa vivuli vya kumkejeli Rais, alichukuliwa, na akaonekana tena Januari 2025. Wenzake kadhaa walipotea siku hizo hizo. Nchi inayoogopa mchoro wa kivuli ina ugonjwa, na watunzi wa vichekesho hawakuuleta.

9. Kichekesho kisije kikaaminiwa kuwa habari

«Mashua za Mokowe zimesitishwa leo» si kichekesho, hata ukitia nyuso za kucheka mwishoni. Kuna mtu Mokowe anayemleta mgonjwa hospitali ya King Fahd, naye ataisoma akiwa na hofu. Tangazo la mwezi wa Idi vile vile. Wala usimtilie mtu halisi maneno ambayo hakuyasema kisha ukaweka nembo ya gazeti. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Lakini hata bila sheria hiyo ningelisema lile lile. Kichekesho kinahitaji msomaji aamini kwamba mtunzi hamchezei usalama wake.

Njia nyepesi ya kujilinda: piga chuku mpaka isiwezekane. Nahodha anayesubiri abiria kwa saa moja ni habari. Nahodha anayesubiri mpaka abiria wa kwanza amepata wajukuu ni kichekesho.

10. Acha nafasi ya mwenzio

Mwaka 2010 kundi la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, na ndani yake mlikuwa na shujaa mmoja, Makmende. Watu hawakuishia kuitazama. Kila mmoja alitunga sifa zake za Makmende, mstari mmoja mmoja, na ikasemwa kuwa ndiyo meme ya kwanza kubwa ya Kenya. Kilichoifikisha hapo ni nafasi: yule shujaa alikuwa wazi kiasi cha mtu yeyote kumwongezea tendo.

Mwezi Julai 2015 tuliona nguvu hiyo ikielekezwa nje. CNN iliitaja sehemu yetu kuwa kitovu cha ugaidi, siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama. Wakenya wakajibu kwa maelfu ya vichekesho chini ya alama ya #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa shirika hilo alifika Nairobi kuomba radhi. Sisi wa Amu kisa hicho kilitugusa zaidi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, maonyo ya usafiri yaliondoa wageni, na amri ya kutotoka usiku iliwafungia wavuvi nchi kavu. Tulijua mji ukisemwa vibaya kwa neno moja, nani halali njaa na nani analala nayo. Kichekesho kilikuwa jibu ambalo hata asiye na kalamu ya gazeti aliweza kulitoa.

Kwa hiyo siku hizi natuma baadhi ya picha bila maneno, nikiandika tu: «Malizieni.» Majibu bora nayakusanya na kuyarudisha kwa kundi, na majina ya waliotunga, wakikubali.

11. Weka akiba

Picha zangu zote nazihifadhi mara mbili, kwenye simu na kwenye kadi ya kumbukumbu, kila moja na tarehe, mahali na jambo lililokuwa likisemwa mjini wiki hiyo. Kaseti huchakaa. Simu huanguka majini, hasa hapa kwetu. Na kichekesho kisicho na tarehe, baada ya miaka mitano hata mtunzi mwenyewe hakumbuki kilikuwa kinamjibu nani. Mashairi ya Amu ya miaka mia mbili iliyopita tunayasoma leo kwa sababu kuna watu waliyahifadhi kwa moyo na wengine wakayaandika.

Basi ndugu msomaji, ukiwa umetunga hata moja yenye mji wako ndani yake, ya Amu au ya Siyu, ya Vanga au ya Bagamoyo, iandike daftarini pamoja na tarehe yake. Na kabla hujaituma, hesabu mizani.